Chombo chenye shehena nzito kwenye kina kifupi: dalili, sababu na namna ya kujinasua

Mtu wa Dodoma mjini hushangaa akiambiwa kwamba mkoa wake mkavu una manahodha. Wapo. Karibu nusu ya safari ya barabara ya Dodoma hadi Iringa liko Bwawa la Mtera, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kuyazuia maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo, na ndani yake hupita boti za mbao zinazopeleka mahindi, saruji na chumvi kwenye kambi za wavuvi, kisha zikarudi na samaki wakavu na mkaa. Njia zinazopitiwa si maji mapana yanayoonekana kutoka barabarani. Ni mifereji myembamba kati ya matope na miti mikavu iliyozama, mingine ikiwa ni mkondo wa zamani wa mto, mingine ikiwa imefunguliwa kwa mapanga na watumiaji wenyewe, na hakuna anayeichimba wala kuiwekea maboya.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayeshika usukani wa chombo cha namna hiyo. Nimeupanga kwa kufuata dalili, kwa sababu ndivyo tatizo linavyokuja: nahodha haoni sababu, anaona kwamba boti haiendi. Malalamiko mengi ninayoletewa huanza na injini na huishia kwenye maji. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kuchunguza ni uleule kila mara: kwanza tazama maji, kisha mzigo, kisha rafadha (panga la injini linalosukuma maji), na injini iwe ya mwisho.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kuondoka

Bwawa la Mtera huendeshwa kwa ajili ya umeme, na kiwango chake cha maji kimewekewa mipaka miwili: mita 698.5 juu ya usawa wa bahari likiwa limejaa, na mita 690 likiwa limefikia mwisho wa matumizi. Tofauti hiyo ya mita 8.5 ndiyo inayobadilisha kila kitu, kwa kuwa fukwe zetu ni tambarare na mfereji uliokuwa na kina cha mita 2 mwezi Mei unaweza kuwa na kina cha goti mwezi Oktoba. Nahodha anayesema kwamba anaijua njia kwa sababu aliipita mwezi uliopita hajui kitu. Upondo wako, ule mti mrefu wa kusukumia boti, uwe umepakwa rangi kila sentimita 10, na kijana anayesimama mbele autumie kupima badala ya kuubeba kama pambo. Mwenye kamba na kipande cha risasi atatia bildi kama watu wa pwani, lakini kwenye kina chetu upondo unatosha, tena hukueleza pia kama chini ni tope, mchanga au mti.

Kipimo cha pili ni mzigo. Chukua boti ya urefu wa mita 9 na upana wa mita 2. Kwa kuwa imechongoka kwenye ncha zake, eneo lake linalokalia maji ni takriban mita za mraba 12.6, na maana yake ni kwamba kila kilo 126 unazoongeza huizamisha sentimita 1. Magunia 20 ya kilo 100 huizamisha karibu sentimita 16. Hesabu hii ni nyepesi na ni sahihi kiasi cha kutosha, isipokuwa ina adui mmoja anayeitwa lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba halina kilo 100, na mfanyabiashara anayekulipa kwa gunia hatakuambia lina ngapi. Niliwahi kupakia magunia 24 kwa hesabu ya kilo 100, nikakuta mstari wangu wa rangi ubavuni umezama sentimita 5 zaidi ya nilivyotarajia, yaani zaidi ya kilo 600 ambazo hazikuandikwa popote. Tangu siku hiyo sihesabu magunia. Nachora mstari ubavuni, mbele na nyuma, na ndio ninaouamini.

Kipimo cha tatu ni nafasi inayobaki kati ya mkuku (uti wa chini wa boti) na sakafu ya maji. Kwenye tope tupu naridhika na sentimita 30 chombo kikiwa kimesimama. Kwenye visiki nataka mara 2 yake, na kama haipatikani napunguza shehena na kufanya safari 2. Wenye mali hulalamika. Waache walalamike.

Dalili: injini inanguruma, chombo hakisogei

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko mengine yote. Boti imetoka kwenye maji mapana ikiwa na mwendo mzuri, ikaingia mfereji, na ghafla inakuwa kama imefungwa kamba. Nahodha anaongeza mafuta. Sauti inapanda, nyuma inazama, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mwendo haubadiliki au unapungua. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aligeuka kunitazama akiwa amekata tamaa.

“Mzee, mashine imekufa nguvu.”

“Haijafa, mwanangu. Tazama nyuma, usitazame mashine.”

Nyuma yetu palikuwa na wimbi moja refu, limekatiza mfereji kutoka ukingo hadi ukingo, likitufuata kama mtu anayesukuma mlango. Kando yetu, matete yalikuwa yakiinamia kwenye boti kabla hatujayafikia, na tope la ukingoni lilikuwa limebaki wazi kwa upana wa kiganja. Hizo ndizo ishara. Boti ikisonga mbele, maji yaliyokuwa mahali pake lazima yapite kando na chini yake ili kurudi nyuma. Kwenye maji mapana yana nafasi. Kwenye mfereji mwembamba yanabanwa, yanakimbia, na maji yanayokimbia hushuka, hivyo chombo hushuka pamoja nayo na kuikaribia sakafu. Kuzama huku hukua kwa mraba wa mwendo: ukienda kasi mara 2, chombo huzama takriban mara 4 zaidi. Kwa hiyo anayeongeza mafuta anajichimbia, na rafadha yake inakosa maji ya kushika.

Kuna pia mpaka ambao shehena nzito haiwezi kuuvuka. Wimbi kwenye maji mafupi lina mwendo wake wa juu unaotegemea kina pekee. Kwenye kina cha mita 1 ni karibu kilomita 11 kwa saa, na kwenye kina cha mita 1.5 ni karibu kilomita 14. Boti iliyopakia inapoukaribia mwendo huo hupanda wimbi lake yenyewe, na nguvu yote ya injini huishia kulitengeneza wimbi. Jambo hili lilishuhudiwa Uskoti mwaka 1834, pale mhandisi John Scott Russell alipoona boti iliyokuwa ikivutwa na farasi kwenye Union Canal ikisimama ghafla, huku wimbi lake likiendelea peke yake mbele. Alilifuata akiwa juu ya farasi kwa zaidi ya kilomita, nalo lilikuwa likienda kwa takriban kilomita 13 hadi 14 kwa saa, mwendo unaolingana na kina cha mfereji ule. Wimbi la Mtera halina tabia tofauti na lile la Uskoti.

Tiba ni kupunguza mafuta. Punguza mpaka wimbi la nyuma likufikie, likuinue na kukupita, kisha ongeza kidogo kidogo huku macho yako yakiwa kwenye ukingo. Maji ya ukingoni yakianza kunyonywa kabla hujayafikia, umefika mwisho wa mwendo wa mfereji huo, hata kama mkono wa mafuta bado una nafasi ya nusu nzima. Kwa kina cha mita 1, chombo kizito hakipaswi kuzidi kilomita 5 au 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Simu yenye ramani itakuonyesha mwendo huo. Utashangaa kuona kwamba baada ya kupunguza mafuta hukuchelewa kitu, na huenda ukaongeza kasi.

Kama umepunguza na chombo bado hakiendi, ndipo uangalie rafadha. Zima injini, inyanyue, na utazame. Uzi wa wavu wa nailoni ukishajisokota kwenye mhimili hauonekani kwa urahisi, kwa sababu hujibana nyuma ya rafadha na kuwa kama pete ya plastiki. Ukiuacha utakata sili (mpira unaozuia mafuta ya gia yasitoke), na mafuta ya gia yatavuja. Ondoa rafadha yote, usikwangue kwa kisu kutoka nje. Majani hutoka kwa kurudisha nyuma kidogo, lakini wavu haujawahi kutoka kwa namna hiyo.

Ikiwa rafadha ni safi, chunguza kitovu chake. Injini nyingi zina mpira kati ya kitovu na mhimili, na mpira huo huteleza ukizeeka au baada ya kugonga kisiki. Dalili yake hufanana sana na ile ya maji mafupi: sauti inapanda na chombo hakiendi. Njia ya kutofautisha ni kuchora kwa msumari mstari mmoja unaopita kwenye kitovu cha ndani na cha nje, kisha kuendesha dakika chache kwa nguvu. Mistari ikiachana, mpira umekwisha. Injini ndogo zina pini badala ya mpira, na pini iliyokatika huonekana mara moja. Beba pini 2 za akiba, wala usiweke msumari mahali pake, kwa maana pini imewekwa ili ikatike yenyewe kabla gia hazijavunjika.

Na kama tatizo hutoweka kila unapotoka kwenye mfereji na kurudi kila unapoingia, injini yako ni nzima. Nasisitiza hili kwa kuwa najua mtu aliyeuziwa kabureta na fundi mmoja, kisha plagi, kisha kabureta nyingine, kwa ugonjwa ambao ulikuwa wa sentimita 20 za maji.

Dalili: chombo hakimtii msukani

Hapa kuna tabia mbili zinazochanganywa. Ya kwanza ni pale mbele ya boti inapoukimbia ukingo wa karibu na nyuma inapovutwa kuuelekea. Sababu yake ni ileile ya maji yanayobanwa: upande wa ukingo nafasi ni ndogo, maji hukimbia zaidi na kushuka zaidi, hivyo nyuma hunyonywa huko. Dunia nzima iliona ukubwa wa nguvu hii tarehe 23 Machi 2021, meli ya Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilipokatiza Mfereji wa Suez na kuuziba hadi tarehe 29. Upepo ulitajwa, mwendo ulitajwa, na mvuto wa kingo nao ulitajwa na wataalamu wengi.

Kosa la kawaida ni kupambana na mvuto huo kwa mafuta. Ukiongeza, unaukuza. Lakini pia usizime kabisa, kwa kuwa injini ya kubandika nyuma ndiyo usukani wako, na bila maji kusukumwa na rafadha mpini unaoushika haufanyi kazi yoyote. Punguza, elekeza mbele kidogo upande wa ukingo unaokukataa, kisha toa msukumo mfupi na kupunguza tena. Misukumo mifupi humgeuza mzito vizuri kuliko msukumo mmoja mrefu, kwa sababu hugeuza kabla ya kuongeza mwendo.

Ya pili ni boti inayotangatanga hata katikati ya mfereji, mara kulia mara kushoto, na kila unapoirekebisha inapitiliza. Hiyo ni dalili ya mzigo uliokaa mbele. Mbele ikizama kuliko nyuma, maji hushika pua, na nyuma hubaki ikielea kama mkia. Tazama mistari yako ya ubavuni: nyuma inapaswa kuwa imezama sentimita chache zaidi ya mbele, zisizidi 5, kwa maana kila sentimita ya ziada nyuma ni sentimita unayoipoteza kwenye kina. Kuhamisha magunia 2 kutoka mbele hadi katikati mara nyingi kunatosha. Wapakiaji hupenda kujaza mbele kwa sababu ndipo boti inapogusa mwalo, na mgongo wa mtu huchagua njia fupi. Simamia upakiaji mwenyewe.

Mnapokutana na chombo kingine ndani ya mfereji, wote wawili wapunguze mapema, wabaki karibu na katikati hadi wakaribiane, kisha kila mmoja aelekee upande wake wa kulia. Kati ya boti mbili maji hushuka na kuzivuta pamoja, na anayepita kwa kasi humkwamisha mwenzake kwa kumwondolea maji chini. Ustaarabu unataka chombo kitupu ndicho kitoke pembeni, kwa sababu kinaweza.

Dalili: chombo kimekwama

Hapa lazima tuachane kabisa na mazoea ya pwani. Jahazi likipwelewa Bagamoyo, nahodha huketi, hupika chai na kungoja maji yajae. Mtera hayajai. Maji yanashuka kwenda kwenye mitambo ya umeme, na yanarudi mvua zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Aliyekwama Agosti na kuamua kungoja anangojea mwaka mpya. Kila saa unayopoteza, tope linazidi kushika na chombo kinazidi kukaa.

Kwanza, toa gia na uzime injini. Usirudishe nyuma kwa hasira. Ukirudisha kwa nguvu rafadha husukuma tope kwenda chini ya boti, na pampu ya maji ya kupoza hulimeza. Pili, angalia ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambapo maji hukusanyika. Inua ubao wa sakafu na utazame kama maji yanaongezeka, na uweke alama kwa kidole au mkaa pale yalipofikia. Jambo hili watu husahau, na ndilo linaloamua hatua zote zinazofuata. Tatu, zunguka boti yote na upondo, ukipima kila mita 1, na useme kwa sauti unachokikuta: tope, mchanga, tope, mti. Baada ya mzunguko mmoja utakuwa umejua umekamatwa wapi.

Ukiwa umekamatwa mbele peke yake, kazi ni nyepesi. Watu na mizigo waende nyuma, upondo utumike mbele, na urudi kwa njia uliyojia, kwa kuwa njia uliyojia ndiyo pekee uliyo na uhakika nayo. Tope lina mnyonyo. Ulivunje kwa kuyumbisha: watu 2 au 3 wahamie kulia, kisha kushoto, kwa mpigo mmoja, na wenye pondo wasukume wakati chombo kinainuka upande. Kusukuma kabla ya kuyumbisha ni kupoteza nguvu. Pasipofaa, peleka nanga nyuma kwa mtumbwi hadi urefu wote wa amari (kamba ya nanga), iangushe kwenye maji yenye kina, na muivute mkiwa ndani ya boti. Kapi moja iliyofungwa vizuri inaongeza nguvu ya watu wachache kuliko kuongeza watu. Mvuto wa nanga una faida ambayo injini haina, kwamba unaendelea kushikilia mnapopumzika.

Ukiwa umekamatwa katikati, juu ya kisiki, mambo ni tofauti. Boti itazunguka kama sahani juu ya kidole na haitatoka. Usiyumbishe, kwa maana utakuwa ukikipigilia kisiki kwenye ubao. Hamisha mzigo kuelekea ncha moja ili katikati ipungukiwe uzito, au upakue kwenye chombo kingine. Na kabla hujaitoa, rudi kwenye alama uliyoiweka kwenye ngama. Mara nyingine kisiki kilichotoboa ndicho kizibo. Niliona boti moja ikikaa juu ya mti kwa saa nzima bila tone la maji kuingia, wenyewe wakafurahi ilipotoka, na katika muda ambao mtu angemaliza kikombe cha kahawa mahindi ya chini yalikuwa yakielea. Kuwe na gunia tupu, ubao mfupi na misumari tayari mkononi kabla ya kuondoka juu ya kisiki.

Kuruka majini ili kusukuma ni desturi ninayoipinga. Bwawa hili lina viboko na mamba, na kwenye tope la kiunoni mtu hana mbio. Kama hakuna njia nyingine, iwe ni mchana, karibu na boti, mwingine akiwa amesimama juu akitazama maji bila kufanya kazi nyingine yoyote, na kila mtu awe amevaa jaketi okozi, kwa sababu hatua moja kutoka kwenye tope unaweza kukuta mkondo wa zamani wa mto wenye kina kinachokuzidi.

Visiki vyenyewe huepukwa kwa kusoma miti. Miti mikavu iliyosimama, ile ambayo mnandi hukaa juu yake wakianika mabawa, inaonyesha palipokuwa na msitu. Mkondo wa mto haukuwa na miti ndani yake, hivyo mara nyingi huonekana kama pengo refu linalopinda kati ya safu mbili. Fuata pengo, hata kama ni mzunguko. Mti unaoonekana si tatizo. Ule uliokatwa na mtafuta kuni maji yalipokuwa chini, ukabaki sentimita 20 chini ya uso maji yalipopanda, ndio unaoua boti, na ishara yake pekee ni kijiwimbi kinachovunjika mahali pamoja bila kuhama. Asubuhi kabla ya upepo kijiwimbi hicho huonekana. Alasiri za Julai hadi Oktoba, upepo wa kusini-mashariki ukivuma, maji yote yamekunjamana na huoni kitu. Kwa hiyo shehena nzito iondoke alfajiri.

Dalili: injini inachemka

Kwenye maji ya tope, mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka ubavuni mwa injini ni wa kutazamwa kila baada ya dakika chache. Ukipungua au ukitoa mvuke, zima. Chokoa tundu la mchirizi kwa waya mwembamba, kwa sababu mara nyingi mchanga umeziba hapo tu. Kisha safisha vichujio vya kuingizia maji kwenye mguu wa injini. Ikiwa uliinyanyua injini ili ipite kwenye kina kifupi, hakikisha kwamba vichujio hivyo havikutoka majini. Mchirizi usiporudi, mpira wa pampu umelika, nao hubadilishwa nchi kavu. Usimwagie injini ya moto maji baridi. Mwisho wa safari, iendeshe dakika chache ndani ya pipa la maji safi.

Kwa injini za mchanganyiko, kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Wengine huongeza oili wakidhani wanailinda inapobeba mzigo, lakini wanachopata ni plagi chafu na injini inayozimika hasa pale inapohitajika.

Dalili: chombo kinalala upande au kinakwenda mrama

Kulala upande mmoja bila kuyumba ni mzigo uliopangwa vibaya, na kunarekebishwa kwa kuhamisha magunia. Kulala upande huu, kisha ukahamia upande wa pili ukiinama zaidi, ni maji yaliyo ndani. Maji ya ngama ya kina cha sentimita 5 yaliyoenea kwenye sakafu ya mita za mraba 8 yana uzito wa kilo 400, sawa na magunia 4 ambayo hayajafungwa na yanakimbilia kila upande unaoinama. Huwezi kuyasawazisha kwa mzigo. Yafue, yaani yachote na kuyamwaga nje, kwanza, na usibadilishe mpangilio wa magunia kabla ngama haijakauka.

Mkaa unastahili tahadhari yake. Ni mwepesi, kwa hiyo mstari wa ubavuni hauzami, na mwenye mali hupandisha magunia hadi yawe nyumba. Uzito ulio juu na ubavu mpana unaoshika upepo hukipindua chombo ambacho mstari wake unasema kiko salama. Hapa mstari haukusaidii, na kanuni yangu ni kwamba magunia ya mkaa yasizidi safu 2 juu ya kingo. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiyo inayokagua vyombo vya majini nchini, na nahodha mwenye cheti cha ukaguzi ana hoja ya kumwambia tajiri anayetaka safu ya 4. Saruji ni kinyume chake: mifuko 40 ya kilo 50 ni tani 2 zinazokaa chini kabisa na kukituliza chombo, lakini inyanyue juu ya mbao za sakafu, kwa maana mfuko ulioloa hauuziki na hautoki ulipogandia.

Dalili: ngama inajaa baada ya kugonga

Kama maji yanaingia polepole, tafuta mstari kati ya mbao mbili mahali palipogongwa, kwa kuwa pigo la kisiki hufungua maungio kabla ya kuvunja ubao. Pamba iliyopakwa grisi na kusukumwa kwa ncha ya bisibisi kutoka ndani itakufikisha mwaloni. Ni ya siku hiyo tu, kwa sababu maji husukuma kutoka nje na kalafati ya kweli (pamba ya kuziba maungio) hupigwa kutoka upande huo, chombo kikiwa juu na mbao zikiwa zimekauka. Kama maji yanaingia kwa kasi inayoshinda mtu mmoja kufua, usitafute tundu. Peleka boti kwenye tope lililo karibu, uikwamishe kwa makusudi mbele ikiwa imeelekea nchi kavu, na upakue huku ikiwa imekaa. Tope lilelile ulilokuwa ukilikwepa tangu alfajiri sasa ndilo gati lako.

Ukifika, pindua au inua boti na upitishe kiganja kwenye mkuku wote, kutoka mbele hadi nyuma, bila glavu. Jicho hupitwa na ufa uliojaa tope, lakini kidole huusikia. Ukiupata, uweke alama ya chaki mwanzo na mwisho wake kabla hujamwita seremala, kwa kuwa ubao ukikauka nyufa nyingine hufunguka na mtabaki mkibishana ulikuwa upi.